Dakika Nne za Hilaire

Siku Hilaire alipokosekana ilikuwa Jumanne, na mitungi yetu miwili ya njano ilikuwa kwenye foleni ya bomba. Aliipeleka mwenyewe asubuhi mapema, akaipanga nyuma ya mtungi wa jirani wenye kamba nyekundu, akaondoka. Maji yalipofunguliwa, foleni ikaanza kusogea. Akina mama waliisukuma mitungi yetu kwa mguu, kidogo kidogo, kwa sababu kila mtu pale anaijua, na mwenye mtungi akitoka kwenda kununua andazi hutendewa hivyo. Ilipofika mbele, chini ya bomba lenyewe, hakukuwa na mtu wa kuijaza.

Jirani yetu Mélanie akaja mpaka mlangoni. "Pascaline, bido zenu zimefika, mwenyewe hayuko. Kuja haraka, watu wanaanza kusema."

Nikaenda. Nilijaza maji huku nikimlaumu ndugu yangu kwa sauti. "Akirudi leo atanitambua," nilisema, na mama mmoja akacheka. Sijui kwa nini nakikumbuka kicheko kile vizuri kuliko mambo mengine ya wiki ile.

Hakurudi mchana, hakurudi jioni. Alhamisi wachunga mbuzi walimkuta karibu na laga ya Tarach, ule mto mkavu, kwenye vichaka vya mathenge. Polisi waliandika kwamba alijitoa uhai. Mimi sitaandika zaidi ya hapo. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tulimzika Jumamosi, na kwaya yake iliimba bila ngoma kwa sababu mpiga ngoma alikuwa yeye.

Siku ya tatu baada ya mazishi, nilipokuwa nachambua maharagwe, Mama akaniambia bila kunitazama, "Wewe unaulizaka watu."

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku unatoka hapa na ile tableti yako, unaenda kuuliza watu kama wanataka kufa. Ndugu yako hakuulizwa?"

"Aliulizwa. Mara mbili."

"Akajibu nini?"

"Sijui, Mama. Siruhusiwi kujua."

Akachukua sinia la maharagwe mikononi mwangu, akaliweka chini. "Basi ujue," akasema.

*

Kazi yangu ni kuuliza, hilo ni kweli. Niliajiriwa na mradi wa utafiti baada ya kidato cha nne. Mradi unapima hojaji moja ya maswali kumi na nane, ambayo inatakiwa kumwonyesha mhudumu wa kliniki kama mtu aliye mbele yake yuko katika hatari ya kujiua. Hojaji yenyewe ilitengenezwa mbali, kwa watu wengine. Kabla kliniki za hapa hazijaitegemea, ni lazima ijulikane kwanza kama watu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na wa mji wa Lodwar wanaielewa, na kama inasema kitu cha kweli juu yao.

Daktari Carol, mkuu wetu, ni mzaliwa wa Lodwar aliyesomea Nairobi. Siku ya mafunzo alitueleza kwa mfano wa mizani ya sokoni. Ukipima kilo moja ya unga leo, na wiki ijayo ukapima unga uleule, mizani ikasema kilo mbili, basi mizani ni mbovu. Kwa hiyo kila mtu tutamhoji mara mbili, maswali yaleyale, wiki mbili zikiwa katikati. Majibu yakifanana, hojaji ni ya kuaminika.

Mwenzangu Nabei, Mturkana wa Lodwar, mwanamke mwenye kucheka hata kwenye mkutano, akainua mkono. "Na kama katikati panya amekula unga?"

Tulicheka wote. Daktari Carol naye alicheka. Akasema ni swali zuri, tutalirudia. Hatukulirudia.

Kulikuwa na kanuni nyingine tuliyoishika kama sala. Swali la tisa linauliza kama katika wiki mbili zilizopita umewaza kwamba ni afadhali usiwepo duniani. Mtu akijibu ndiyo, hata ndiyo ndogo, mhojaji hamwachi peke yake. Anampigia simu Shalom, mshauri wetu, na Shalom anafika siku hiyohiyo kwa pikipiki yake, akae na yule mtu. Nimempigia Shalom mara kumi na moja tangu nianze kazi. Watu wote kumi na mmoja wako hai. Mmoja wao hunisalimia sokoni.

Kaya za kuhojiwa huchaguliwa kwa kura, na kura ikaiangukia nyumba yetu. Mhojaji haruhusiwi kuhoji watu wa kwao, wala kuona majibu yao, kwa hiyo alikuja Nabei. Hilaire ndiye aliyechaguliwa. Nilipokuwa natoka ili niwaache, akaniita, "Yaya, funga mlango, mbuzi wa Mélanie wataingia."

"Yaya?" Nabei akashangaa. "Kwani wewe ni mtoto wa kulelewa?"

"Kwetu Kongo yaya ni dada mkubwa," Hilaire akamjibu. "Kwenu ni mfanyakazi wa nyumbani. Lakini huyu ni vyote viwili, hata chai ananipikia."

Nilikaa kwa Mélanie nikawasikia wakicheka tena na tena. Niliona kwamba mahojiano yanaenda vizuri. Baadaye Nabei alinipa habari moja tu, kwamba ndugu yangu amemchora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, na shingo ni ndefu mno.

Hilaire alikuwa mchoraji wa mabango. Ukipita soko la Wakongo utaona mkono wake kila mahali, kwenye kinyozi, kwenye duka la simu, kwenye mlango wa choo cha kulipia. Herufi zake zina mkia mdogo kulia, kama zinataka kuondoka.

Wiki mbili zikapita. Jumapili, siku moja kabla Nabei hajarudi, nilimkuta Hilaire uani akipaka rangi bango la saluni ya Olive. Alikuwa amefika kwenye herufi ya pili. Alikuwa kimya, lakini Hilaire huwa kimya akichora, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni ya mdomo.

"Yaya, watu wako wanakuja tena kesho," akasema.

"Ndiyo. Ni Nabei tena."

"Maswali ni yale?"

"Yaleyale."

Akachovya brashi, akaishikilia juu ya kopo mpaka tone likaacha kuning'inia. "Sasa nijibu nini?"

Nilikuwa na haraka. Nilikuwa natafuta kiberiti. "Jibu vile ulijibu mara ya kwanza," nikamwambia. "Usibadilishe."

"Sawa," akasema.

Ndiyo mazungumzo yote, siku mbili kabla ya Jumanne ile. Nimeyageuza upande huu na upande ule, na hakuna neno jingine ndani yake.

*

Ili mtu aelewe kwa nini nilisema vile, ni lazima ajue jinsi tunavyoishi na maswali. Sisi tulitoka Fizi watu watatu, Mama, mimi na Hilaire, mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Tuna kesi ya kuhamishiwa nchi nyingine, na katika kesi hiyo tumehojiwa mara nne. Kabla ya kila mahojiano Mama hutoa daftari lake sandukuni, tunakaa kwenye mkeka, tunarudia. Tulitoka tarehe ngapi. Tulipita vijiji gani. Ziwa tulilivuka siku gani, mashua ilikuwa na watu wangapi, Baba alikuwa amevaa nini mara ya mwisho. Hilaire alikuwa na miaka kumi na moja tulipoanza zoezi hilo. Akikosea, Mama alimpiga kofi dogo la paja na tukaanza upya.

Si kwamba tulikuwa tunadanganya. Yote ni kweli. Lakini Mélanie, jirani yetu, alisema mara ya kwanza kwamba watu walioingia nyumbani kwao walikuwa watano, na miaka mitatu baadaye akasema saba. Labda watano walikuwa mlangoni na wawili uani. Nani anahesabu saa hiyo? Kesi yake ilifungwa. Tangu hapo mtaa wetu wote unajua jambo moja: mtu akikuuliza swali mara ya pili, anatafuta mahali utakapokosea. Unachojilinda nacho ni jibu la kwanza. Unalishika hata kama umesahau maana yake.

Kwa hiyo nilipomwambia Hilaire asibadilishe, sikuwa nawaza hojaji. Nilikuwa natafuta kiberiti, na mdomo ulisema kile ambacho nyumba yetu husema.

*

Wiki mbili baada ya mazishi nilipata kibali cha kutoka kambini kwenda Lodwar, siku tatu, kwa ajili ya kukagua takwimu. Daktari Carol alinipigia simu akaniambia nisije kama siwezi. Nilisema naweza. Sikumwambia kwamba Mama amenituma.

Ofisi yetu Lodwar ni vyumba viwili vyenye feni moja, na feni hiyo huwekwa upande wa kompyuta, si upande wa watu. Nabei alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili.

"Ejok?" akanisalimu kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini.

"Ejok," nikajibu. Ndivyo inavyojibiwa, nzuri kwa nzuri, hata ukiwa huna uzuri wowote wa kutoa. Hakunicheka wala hakuniuliza tena.

Kazi yangu ilikuwa kupitia rekodi za Kakuma, nione kama kuna sehemu zilizoachwa wazi. Rekodi hazina majina, zina namba. Lakini namba ya kaya yetu naijua, kwa kuwa nilikuwepo kura ilipopigwa. Nilikaa mbele yake tangu saa tatu mpaka saa tano. Kisha nikaifungua. Najua nilikosa.

Swali la tisa, mara ya kwanza: hapana. Swali la tisa, mara ya pili: hapana. Maswali yote kumi na nane, mara ya kwanza na ya pili, yalikuwa sawasawa, jibu kwa jibu. Hata swali la nne, linalouliza siku ngapi ulilala vibaya katika wiki mbili, alijibu siku tatu, na tena siku tatu.

Nilishusha pumzi. Hapana, mara mbili. Kwa hiyo hakuna kilichokuwepo cha kuona. Kisha nikahisi kitu kibaya zaidi, kwamba nimefurahi.

Chini kabisa ya rekodi, tableti huandika yenyewe saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mara ya kwanza dakika ishirini na mbili. Mara ya pili dakika nne.

Maswali yale hayasomeki kwa dakika nne. Mimi nimeyasoma mara mia mbili na zaidi. Kuyasoma tu, bila mtu kuwaza, ni dakika saba.

Nikamwita Nabei. Akaja, akasimama nyuma yangu, akaona namba, akajua ni nani.

"Dada, hii huruhusiwi kufungua."

"Dakika nne, Nabei."

Akavuta kiti. Alikaa kitambo akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. "Alikuwa anajibu kabla sijamaliza kusoma," akasema. "Nasoma 'katika wiki mbili,' yeye anasema hapana. Nikasoma swali ya nne, akaniuliza, 'Mara ya kwanza nilisema ngapi?' Nikamwambia siwezi kukuambia, sema ya sasa. Akafikiri. Akasema, 'Tatu. Ilikuwa tatu.' Nikaandika tatu."

"Ilikuwa?"

"Alisema hivyo. Mimi nikaona huyu kijana ana kichwa nzuri, anakumbuka." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Na wengine wote ya Kakuma wako hivyo, Pascaline. Haraka haraka. Tulisema wamezoea fomu."

Tukafungua safu ya dakika, ya watu wote. Tuliipitia pamoja, kidole changu kwenye kioo na kidole chake chini ya changu. Kakuma, mara ya kwanza: ishirini, kumi na tisa, ishirini na tano. Kakuma, mara ya pili: tano, nne, sita, nne. Lodwar mara ya kwanza na mara ya pili zilikwenda karibu sawa, na pengine ya pili ilikuwa ndefu zaidi.

"Watu ya Lodwar wanabishana," Nabei akasema. "Kuna mzee mmoja wa Kanamkemer, Lochakapong. Nikamwuliza usingizi, akasema analala vizuri. Nikasahau kanuni, nikamwambia, lakini Mzee, wiki ile ulisema hulali. Akaniambia, 'Wiki ile mvua ilikuwa bado. Sasa imenyesha, nalala kama ngamia ameshiba. Ama unataka nikae macho juu ya karatasi yako?'"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, na kicheko kilitoka vibaya, kama kikohozi.

Nikamweleza kuhusu daftari la Mama, kuhusu Mélanie, kuhusu kiberiti na bango la Olive. Nilimweleza yote. Aliposikia kwamba mimi ndiye niliyemwambia Hilaire asibadilishe, hakusema si kosa lako. Nilimshukuru kwa hilo.

"Kesho Carol anasoma matokeo mbele ya watu wa kaunti," akasema. "Kakuma ndiyo inasifiwa. Wanasema majibu inalingana sana. Wanataka fomu iende kwa kliniki za kambi mwezi wa saba." Akafuta uso. "Ukisema, watauliza umejuaje. Utasema umefungua rekodi. Watasema pia umefundisha mtu majibu. Watakutoa kazi."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, mtu atakaa mbele ya nesi, ataulizwa mara ya pili, atajibu ya mara ya kwanza. Nesi ataandika hapana."

Feni iliendelea kuipepea kompyuta.

*

Nilimfuata Daktari Carol saa kumi jioni, nilipomwona anafunga begi. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilianza na rekodi, kwa kuwa niliogopa nikianza na Hilaire nitalia na sitafika kwenye rekodi. Nikamwonyesha dakika. Nikamweleza jinsi kambi inavyoshika jibu la kwanza, na kwa nini. Mwisho nikasema, "Na ndugu yangu aliniuliza ajibu nini, mimi nikamwambia asibadilishe."

Alikaa tena kwenye kiti, begi likiwa bado begani.

"Miezi minane," akasema polepole. "Miezi minane nimekuwa nikiusifu ulinganifu huo."

"Samahani, Daktari."

"Usiniombe samahani kwa hilo. Umefungua rekodi ya mtu wa kwenu. Hilo ni kosa, na nitaliandika kwa sababu ni lazima niliandike. Hutagusa takwimu kwa muda. Hili jingine ni langu. Nabei aliuliza swali lake la panya na mimi nikacheka."

Kisha nikamwuliza nilichokuja kuuliza. "Kama nisingemwambia vile. Kama angejua anaweza kubadilisha. Angesema ndiyo?"

Nilitaka aseme hapana. Au aseme ndiyo. Nilikuwa tayari kubeba lolote kati ya hayo, ila liwe moja.

"Sijui, Pascaline," akasema. "Labda mara ya kwanza alisema kweli na mara ya pili pia. Labda zote mbili hazikuwa kweli. Kuna watu wanaosema hapana Jumatatu na ni kweli, na mambo yanageuka Ijumaa. Hakuna fomu inayomwona mtu kikamilifu. Ningekuwa najua ningekuambia."

Kesho yake aliwaambia watu wa kaunti kwamba matokeo ya Kakuma hayajawa tayari. Mmoja wao alikasirika, akasema wamekuja mbali kusikia habari za Kakuma. Daktari Carol akasema habari za Kakuma ndizo hizo.

Tulipotoka, Nabei alinipeleka kwenye ukuta wa nyuma wenye kivuli, akanipa soda. Alikuwa ameshika tableti lakini imezimwa. Akaniuliza swali la tisa kwa mdomo wake mwenyewe, neno kwa neno, akinitazama.

Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa tayari mdomoni, limekaa vizuri, jibu la siku zote.

"Jana hapana," nikasema. "Leo asubuhi, sijui. Sasa hivi sijui."

"Sawa," akasema, akatoa simu. Nilimsikia akisema, "Shalom? Niko na mtu hapa." Ilikuwa ajabu kusikia sentensi hiyo kutoka upande wa pili.

*

Niliporudi Kakuma nilimkuta Mama kwenye mkeka. Hakuuliza. Nilikaa, nikamwambia.

"Alijibu hapana, Mama. Mara zote mbili."

Akatikisa kichwa taratibu.

"Kabla ya mara ya pili aliniuliza ajibu nini. Nilimwambia ajibu kama mwanzo. Asibadilishe."

Mbuzi wa Mélanie waliingia, wakatoka. Kisha akaniuliza, "Hayo maneno, nani alikufundisha?"

Nikavuta uzi uliochomoka kwenye mkeka.

"Nauliza. Nani alikufundisha?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Ni mimi," akasema. "Nilimpiga kwenye paja. Mtoto wa miaka kumi na moja." Akajifunika uso kwa kitenge, na mimi nikashindwa kujua kama nimemletea alichonituma au nimemwongezea mzigo mwingine. Hata sasa sijui. Kuna siku ananipikia chai kabla sijaamka, kuna siku hasemi nami mpaka jioni.

Mradi uliwaita tena watu arobaini wa Kakuma. Safari hii kabla ya swali la kwanza wahojaji walisoma maneno machache ambayo Daktari Carol aliniomba mimi niyaandike, kwa kuwa yake yalikuwa marefu. Yanasema: haya si mahojiano ya kesi, majibu hayaendi kwenye faili lako, na leo si lazima iwe kama siku ile, mtu hubadilika. Mzee mmoja wa Burundi, Dieudonné, alimsimamisha Nabei hapohapo.

"Kumbe inaruhusiwa?" akauliza.

"Inaruhusiwa nini, Mzee?"

"Kubadilika."

Siku hiyo Shalom alipigiwa simu mara tano kabla ya saa nane. Nilipoambiwa, nilikwenda nyuma ya ofisi nikakaa chini. Sikujua nifurahi au nifanye nini. Watano hao walikuwa wamejibu hapana mara mbili, kama yeye.

Bango la Olive bado liko uani. Olive alikuja mwenyewe kuniambia hataki mtu mwingine alimalizie, na kwamba saluni yake itafunguliwa bila bango. Nimeligeuza, nimeliegemeza ukutani ili jua lisile rangi.

Kwa Shalom ninaenda kila Alhamisi saa nne. Huniuliza yaleyale na mimi huwa sijibu yaleyale. Kuna Alhamisi nilimwambia kwamba Hilaire alikuwa na furaha Jumapili ile, na Alhamisi iliyofuata nikamwambia kwamba hakuwa nayo, kwamba mkono wake ulitetemeka juu ya kopo na mimi niliona. Sijui lipi niliona. Shalom huandika yote mawili.

Tarehe kumi na nne tumeitwa kwa mahojiano ya tano ya kesi. Jana Mama alitoa daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza, akanipa kalamu. Swali la kwanza huwa ni moja: familia yenu mko wangapi. Mara zote nne tulijibu watatu. Safari hii tutajibu wawili.